Mkono wa kushoto unapogoma: jibu kwa mwanakwaya anayejifunza kinanda

Swali, kwa ufupi: Msomaji wa Tanga, umri miaka 36, anaimba teno, yaani sauti ya tatu, katika kwaya ya kanisa na anasoma solfa (muziki ulioandikwa kwa do, re, mi) vizuri. Miezi mitano iliyopita alinunua kinanda cha vitufe 61, akaanza kujifunza kwa video za kwenye simu. Mkono wa kulia unapiga wimbo bila shida, lakini wa kushoto ukiingia tu, yote miwili inasimama. Nyimbo zote anazipiga kwenye C, yaani do ikiwa kitufe cha C, kisha anabonyeza Transpose, kitufe kinachohamisha sauti zote juu au chini, ili zifikie sauti ya kwaya. Anauliza kama amechelewa, aanzie wapi upya, na kama siku moja ataweza kupiga piano ya mbao iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa kanisa lao, ambayo baadhi ya vitufe vyake vikishuka havipandi.

Jibu:

Ndugu yangu, hujachelewa. Vidole vya mtu wa miaka 36 vinajifunza vizuri tu. Kinachompungukia mtu mzima ni muda, pamoja na uvumilivu wa kujisikia akipiga polepole kitu ambacho kichwani mwake kinakwenda kasi. Tena una mtaji ambao wanafunzi wengi wa piano wanaanza bila kuwa nao: unaweza kuishika sauti ya tatu wakati sauti nyingine tatu zinakuvuta. Kupiga kwa mikono miwili ni kazi hiyohiyo, imehamia vidoleni.

Kwanza tuelewe kwa nini mkono wa kushoto unagoma, maana wengi hudhani ni dhaifu, wakaanza kuufanyisha mazoezi ya nguvu. Udhaifu si tatizo. Vidole huhesabiwa kuanzia gumba, ambalo ni 1, hadi kidole kidogo, ambacho ni 5, kwa mikono yote miwili. Ukipanda skeli ya C, yaani ngazi ya sauti kutoka C hadi C inayofuata, mkono wa kulia unakwenda 1-2-3-1-2-3-4-5, na wa kushoto 5-4-3-2-1-3-2-1. Ziandike safu hizo mbili kwenye karatasi, moja chini ya nyingine. Utaona vidole vyenye namba inayofanana vinakutana mara mbili tu, kwenye E na kwenye A, na mara zote ni kidole cha 3. Penginepo popote kila mkono unatumia kidole tofauti. Isitoshe, gumba la kulia linapita chini ya vidole ili kuifikia F, wakati upande wa kushoto gumba linaifikia G kwanza, ndipo kidole cha 3 kinavuka juu yake kwenda A. Ubongo unatoa amri mbili zisizofanana kwa wakati mmoja. Mtu yeyote akianzia hapo atakwama.

Kwa hiyo usianzie hapo. Weka magumba yote mawili juu ya C ya kati (kwenye kinanda chako ni C ya tatu kutoka kushoto), kisha mikono iachane: wa kulia upande, wa kushoto ushuke. Sasa vidole ni vilevile pande zote, 1-2-3-1-2-3-4-5, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Rudi kwa njia hiyohiyo hadi magumba yakutane tena. Piga hivyo kwa wiki mbili nzima, mapigo 60 kwa dakika, kitufe kimoja kila pigo. Kinanda chako huenda kina metronomu ndani yake, yaani kipimamwendo kinachogonga kila pigo, na kama huioni, programu za bure za simu zinatosha. Mwendo huo ukishakuwa mwepesi, ndipo uingie kwenye skeli ya mikono inayokwenda upande mmoja, na hapo anza na vitufe vitano tu, C hadi G, kabla gumba halijaanza kuvuka.

Sasa nyimbo. Wanaojifunza kwa video hufundishwa kupiga sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia, na kodi, yaani sauti tatu kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto. Njia hiyo inasikika haraka, ila kwa mtu wa kwaya nadhani si njia nzuri ya kuanzia. Kodi nzito upande wa chini wa kinanda huvuma na kuchafua, tena zinaufanya mkono wa kushoto ubaki mahali pamoja ukigonga kama nyundo. Chukua kitabu cha solfa ulichonacho, chagua wimbo mfupi wa mwendo wa pole, upige sauti mbili za nje peke yake: soprano, ile ya juu kabisa, mkono wa kulia, na besi, ile ya chini kabisa, mkono wa kushoto. Mbili tu. Besi ya wimbo wa kanisa ni wimbo kamili, inapanda na kushuka na kupumua, na ukiikutanisha na soprano mifupa yote ya wimbo inasikika. Sauti hizo zikikaa, ongeza alto chini ya soprano kwa mkono wa kulia. Teno yako iingie mwisho, mkono wa kushoto, juu ya besi.

Hapo kwenye teno kuna mtego. Katika solfa, tangu John Curwen alipoisambaza Uingereza katika karne ya 19, sauti za wanaume huandikwa oktava moja (umbali wa do hadi do inayofuata) juu ya zinavyosikika, ili kuepuka kujaza alama za oktava kwenye karatasi. Do isiyo na alama kwenye mstari wa teno iko oktava moja chini ya do isiyo na alama kwenye mstari wa soprano. Ukiimba hujali, kwa sababu koo la mwanamume linajishusha lenyewe. Kwenye kinanda, ukiipiga teno kama ilivyoandikwa, itapanda juu na kuivamia alto, vidole vitagombania vitufe vilevile, na wimbo utasikika umebanana katikati huku chini pakiwa patupu. Kwa hiyo teno na besi zishushe oktava moja, kila mara. Kinanda cha vitufe 61 kinatosha kabisa kwa kazi hii: kinaanzia C iliyo oktava mbili chini ya C ya kati, na besi za kwaya ni nadra kufika huko. C ya kati kwako ni C ya tatu ukihesabu kutoka kushoto. Kwenye piano kamili yenye vitufe 88 ni ya nne.

Jinsi ya kuziunganisha sauti hizo mbili ndiyo kazi yenyewe, na hapa usiharakishe. Chukua mapigo mawili ya wimbo. Piga soprano peke yake mara tatu, besi peke yake mara tatu, kisha zote pamoja polepole kiasi kwamba huwezi kukosea, hata kama ni mapigo 40 kwa dakika. Ukikosea, kosa hilo lina maana moja: umekwenda kasi kuliko ulivyojua. Punguza mwendo, usirudie kwa nguvu. Kipande kikitoka safi mara tatu mfululizo, nenda kwenye mapigo mawili yanayofuata, lakini kila kipande kimalizie kwenye pigo la kwanza la kipande cha mbele yake. Mikono mara nyingi huvunjika pale kipande kimoja kinapokutana na kingine, kwa sababu maungio hayakufanyiwa mazoezi. Na usirudi mwanzo wa wimbo kila unapokosea. Anayefanya hivyo anaujua mstari wa kwanza kwa moyo, halafu mstari wa nne unamtetemesha mbele ya watu. Ni afadhali uanze kujifunza mstari wa mwisho, kisha urudi nyuma mstari kwa mstari. Kila ukiupiga wimbo utakuwa unaelekea mahali unapopajua zaidi.

Kabla ya kuunganisha mikono miwili, imba besi huku ukipiga soprano. Kisha geuza: imba soprano, piga besi. Mwanakwaya analiweza zoezi hili siku ya kwanza, na linafanya kazi kubwa kuliko saa nzima ya kuhangaika na vidole, kwa kuwa linayazoesha masikio kusikia mistari miwili kabla mikono haijaombwa kuifuata.

Nije kwenye Transpose. Ninaelewa kwa nini unaitumia. Wapiga vinanda wengi wa makanisani wanaishi nayo. Lakini inakufungia mlango. Piano ya mbao haina kitufe hicho. Mpiga gitaa akikuambia mko F, wewe vidole vyako viko C, hamwelewani. Mwalimu wa kwaya akipandisha wimbo nusu sauti katikati ya ibada, unatafuta kitufe badala ya kupiga. Na ukisahau kukirudisha kwenye sifuri, anayekaa baada yako anaanza wimbo kwenye sauti isiyo yake. Kitumie pale kwaya imekauka makoo na wimbo unahitaji kushuka kidogo, basi.

Solfa ndiyo itakayokutoa huko, kwa sababu solfa yenyewe ni elimu ya kuhamahama: do inakaa popote unapoiweka. Kutoka do hadi do ya juu hatua ni zilezile: kamili, kamili, nusu, kamili, kamili, kamili, nusu. Nusu ni kitufe kinachofuata bila kuruka chochote, cheusi au cheupe. Kamili ni kuruka kimoja. Do ikiwa F, basi re ni G, mi ni A, fa ni B flati, kitufe cheusi, so ni C, la ni D, ti ni E. Ukiangalia karatasi ya wimbo, ule mstari wa juu unaokuambia do ni ipi ndiyo ramani yako. Kodi nazo huzijui kwa majina ya Kiingereza tu, unazijua kwa solfa: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Kwenye F hizo ni F-A-C, B flati-D-F na C-E-G. Kwenye C ni C-E-G, F-A-C na G-B-D. Mtu aliyekariri kodi kama maumbo ya vidole anaanza upya kila do inapohama; wewe unahamisha do tu.

Tofauti kubwa iko kwenye vidole. Skeli ya F kwa mkono wa kulia haiendi kama ya C. Inakwenda 1-2-3-4-1-2-3-4, kwa sababu gumba fupi halipendi kutua kwenye kitufe cheusi, hivyo B flati inachukuliwa na kidole cha 4 na gumba linashuka kwenye C. Mkono wa kushoto unabaki 5-4-3-2-1-3-2-1. G na D zinatumia vidole vya C pande zote mbili. Anza na C, G na F, halafu D. Ukifika B flati na E flati, ambazo kwaya zetu zinazipenda, utafurahi kujua kwamba mkono wa kushoto una vidole vilevile kwa zote mbili, 3-2-1-4-3-2-1-3, na A flati pia. Kila wiki mbili ongeza do moja mpya, na upige wimbo uleule unaoujua kwenye do hiyo. Wimbo mmoja kwenye do nne unafundisha zaidi kuliko nyimbo nne kwenye C.

Kodi za mkono wa kushoto ukizihitaji, usirukeruke. Kwenye C shika C-E-G kwa vidole 5-3-1. Kwa kodi ya fa, acha C palepale, usogeze vidole vingine tu: C-F-A, 5-2-1. Kwa kodi ya so, shusha kidole cha 5 hadi B, shika B-D-G, 5-3-1. Mkono hauondoki mahali pake. Anayeruka kutoka C hadi F hadi G na umbo moja la vidole anasikika akiruka, na wasikilizaji wanajua hata kama hawawezi kueleza.

Kuhusu kukaa: kiti cha plastiki chenye mikono hakifai. Mikono yake inazuia viwiko, na kiti chenyewe huwa kifupi. Tumia stuli au kiti kisicho na mikono, weka mto mgumu au kitenge kilichokunjwa mara kadhaa, hadi kiwiko kiwe usawa wa vitufe au juu yake kidogo. Kaa nusu ya mbele ya kiti, miguu yote chini. Stendi za umbo la X watu huzipandisha juu mno kwa sababu wanapiga wakiwa wamesimama, ukikaa, ishushe. Vidole vikunje kama vimeshika chungwa, kucha ziwe fupi, maana kucha ndefu zinalazimisha vidole kulala. Mabega yakipanda hadi kwenye masikio bila wewe kujua, simama, yaangushe, anza tena. Uchovu kidogo ni wa kawaida. Maumivu ya mkono chini ya kiwiko ni amri ya kuacha siku hiyo.

Muda: dakika 30 kila siku, siku tano kwa wiki, zinashinda saa tatu za Jumamosi. Vidole vinakumbuka kwa kurudiwa na kulala, kisha kurudiwa tena. Dakika tano za skeli ya kuachana, kumi na tano za mapigo mawilimawili ya wimbo mpya, na zilizobaki piga kitu unachokijua, kwa raha. Ukishika utaratibu huo, ndani ya miezi mitatu au minne tegemea kupiga soprano na besi za nyimbo rahisi kwenye C, G na F bila kusimama. Sauti zote nne huchukua zaidi ya hapo, na hakuna ubaya.

Kinanda chenyewe kiangalie. Zima midundo inayojipiga yenyewe, kwa sababu inakuficha makosa. Chagua sauti ya piano, na washa mguso, yaani ule mpangilio unaofanya sauti iwe kubwa ukigonga kwa nguvu na ndogo ukigusa taratibu. Ukizima mguso vitufe vyote vinalia sawa, na unajifunza kutosikia mkono wako. Vinanda vingine vya bei ya chini havina mguso kabisa. Kama chako ni hivyo, weka akiba ya kubadilisha mwaka ujao, mapema kuliko kununua kitu kingine chochote. Pedali ya kuvutisha sauti inachomekwa nyuma. Usiikanyage wakati unawasha kinanda, maana vinanda vingi husoma hali ya pedali vinapowaka, na ukiikanyaga inafanya kazi kinyume: sauti zinavutika ukiachia. Ukianza kuitumia, piga kodi kwanza, ndipo uachie pedali na kuikanyaga upya mara moja. Wanaokanyaga pamoja na kodi wanachanganya kodi ya zamani na mpya, na ndiyo ule mlio wa matope unaosikika makanisani.

Je, ujifunze nota za mistari, yaani muziki ulioandikwa kwenye mistari mitano? Ndiyo, lakini taratibu, na usiiache solfa. Solfa inakuambia maana ya sauti ndani ya wimbo; mistari inakuonyesha mikono miwili kwa jicho moja. Shika alama tatu kwanza: C ya kati iko kati ya mistari ya juu na ya chini, ufunguo wa juu, ile alama ya mwanzoni mwa mistari, unazunguka mstari wa pili kutoka chini, hapo ni G, nukta mbili za ufunguo wa besi zinaubana mstari wa nne, hapo ni F. Hesabu kutoka hapo. Kuandika do, re, mi chini ya kila nota ni sawa wiki ya kwanza. Baada ya hapo macho yatasoma herufi zako na kuacha kuziona nota.

Na piano ya mbao. Kwa Tanga, kitufe kinachoshuka bila kupanda kwa kawaida ni unyevu: kitambaa kidogo cha sufu kinachozunguka pini ya kitufe kimevimba na kukibana. Asijitokeze mtu wa kunyunyizia mafuta. Mafuta yanaingia kwenye sufu na mbao, yanashika vumbi, na fundi akija atakuwa na kazi mara mbili. Isogezeni mbali na dirisha la upande wa bahari na ukuta unaopigwa na mvua, kitambaa kitolewe siku za jua ili hewa ipite, na mtafuteni fundi wa piano hata kama atatoka Dar es Salaam au Mombasa. Mkubaliane naye kabla kwamba, ikiwa sauti imeshuka sana, hatairudisha yote kwa siku moja. Ndani kuna nyuzi zaidi ya 200, na mvutano wake kwa pamoja ni wa tani nyingi. Nyuzi zenye kutu zikivutwa ghafla hukatika, na hata zisipokatika piano itashuka tena ndani ya wiki chache. Atapandisha kwa awamu, kisha arudi.

Ikishatengenezwa, utakuta vitufe vyake ni vizito kuliko vya kinanda chako, kwa sababu kila kimoja kinarusha nyundo ndani. Siku za kwanza vidole vya 4 na 5 vitatoa sauti hafifu au vitanyamaza kabisa. Usivipigishe kwa nguvu za bega. Rudi kwenye skeli ya kuachana, mapigo 50, bila kukanyaga pedali, usikilize kila kitufe kama kimelia sawa na jirani yake, kisha upige ule wimbo wako wa sauti mbili kwenye F.